Jesse Brown kabla ya ile theluji

Najua nimepotea, majaribio yametubana kweli kweli, na boom lenyewe tusiliongelee. Juzi usiku tulikuwa tumejazana chumbani watu saba kwenye laptop moja tunaangalia Devotion, ile filamu ya 2022 ya marubani wa vita vya Korea. Ilipoisha kila mtu kimya. Jamaa mmoja wa kitanda cha juu akavunja ukimya: "Sasa huyu Jesse zaidi ya kufa alifanya nini? Shujaa si yule mzungu aliyemfuata?"

Tulibishana mpaka saa nane usiku. Mi historia ndiyo somo langu la kufundishia, na nikaona aibu maana jibu langu lilikuwa jepesi. Basi nimekaa, nimesoma, na hili ndilo jibu lenyewe. Jamaa simlaumu sana. Hadithi hii karibu kila mahali inaanzia kwenye theluji, saa chache za mwisho. Mtu aliishi miaka 24 lakini anakumbukwa kwa alasiri moja!

Jesse LeRoy Brown alizaliwa Hattiesburg, Mississippi, tarehe 13 Oktoba 1926. Baba alikuwa kibarua wa ghala la vyakula, mama alikuwa mwalimu (walimu wenzangu mpo?). Maisha yalipokaza wakahamia shamba wakawa wanalima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, nyumba haina maji ndani. Alipokuwa na miaka sita baba yake alimpeleka kuangalia maonyesho ya ndege, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Mtoto akawa haongelei kingine.

Mwaka 1937 huyu dogo akamwandikia barua Rais Roosevelt, kumlalamikia kwa nini jeshi la anga halichukui marubani weusi. Fikiria kwanza. Mississippi ya wakati ule, shule za weusi mbali na za wazungu, mtoto wa mkulima asiye na ardhi, hajafika hata sekondari, anamwandikia rais wa nchi. Ikulu ikajibu kwa heshima kwamba imepokea maoni yake. Jibu halikubadilisha kitu chochote, lakini mi nikiwa mwalimu ningeifundisha hiyo barua kipindi kizima.

Alimaliza sekondari 1944 akiwa wa pili darasani, akaenda Chuo Kikuu cha Ohio State kusoma usanifu majengo. Sio chuo cha weusi kule kusini, hapana, alikwenda kwenye chuo ambacho waliofanana naye walikuwa wa kuhesabu. Ada? Usiku alikuwa anapakia mizigo kwenye mabehewa ya reli, asubuhi darasani. Sisi tukichelewa kulala kwa ajili ya desa tunaomba huruma.

Mwaka 1946 akajiandikisha kwenye akiba ya jeshi la majini, na 1947 akaingia mafunzo ya urubani. Kumbuka weusi wengi kwenye jeshi lile walikuwa wapishi na wahudumu wa meza za maofisa, na amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi jeshini ilikuja Julai 1948, Jesse yuko katikati ya mafunzo tayari. Walikuwepo waliomkejeli, wakamngoja aanguke. Alikuwepo pia mwalimu wake wa kurusha ndege kule Glenview, mzungu anaitwa Roland Christensen, aliyemfundisha kama alivyofundisha wengine. Nasema hivyo tu, lakini kwa mahali na wakati ule lilikuwa jambo kubwa.

Halafu kuna Daisy. Wanafunzi wa urubani walikatazwa kuoa mpaka wamalize, ukikamatwa unafukuzwa. Oktoba 1947 Jesse akamuoa Daisy Nix kwa siri! Mwaka mzima anaficha ndoa huku anatafutwa kosa lolote. Tarehe 21 Oktoba 1948 akavishwa beji ya mabawa, Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo hayo ya jeshi la majini. Desemba mtoto wao Pamela akazaliwa. Mwaka uliofuata akawa ofisa, cheo cha ensign, kile cha mwanzo kabisa.

Hapa nataka nikae kidogo, maana jamaa yetu aliuliza "alifanya nini". Jesse alipangiwa kikosi namba 32 cha ndege za kivita, kwenye manowari ya kubebea ndege USS Leyte, akirusha Corsair. Ndege hiyo ina injini ya nguvu za farasi kama 2,000 na pua ndefu mno, kiasi kwamba ukija kutua huoni vizuri kilichopo mbele yako. Unatua juu ya meli inayotembea, inayopanda na kushuka na mawimbi. Unakuja umekata kona, macho kwa ofisa aliyesimama ukingoni mwa sitaha na vibao mikononi anakuashiria: juu, chini, kata moto. Ukikata, kulabu ya mkiani inatakiwa inase mojawapo ya nyaya zilizotandazwa sitahani. Usiponasa, mbele kuna kizuizi, na kando kuna bahari. Wanajeshi wenyewe waliitania Corsair kwamba ni mfyekaji wa ma-ensign. Jesse alikuwa ensign, na alitua, akatua tena na tena.

Sasa sikia hii. Yule mzungu wa kwenye filamu, Thomas Hudner, alikuwa luteni, mhitimu wa chuo cha maofisa wa jeshi la majini, mtoto wa familia yenye maduka ya vyakula kule Fall River, Massachusetts. Kicheo alimzidi Jesse. Lakini Jesse alikuwa na uzoefu zaidi wa kurusha, kwa hiyo hewani Jesse ndiye alikuwa kiongozi na Hudner mlinzi wake wa ubavuni. Mimi hiki ndicho kilichonikamata kuliko ile ajali. Mwaka 1950, mtoto wa Mississippi anaongoza, na mzungu wa cheo cha juu anamfuata.

Leyte ilifika Korea Oktoba 1950. Jesse alikwenda vitani mara 20 hivi. Tarehe 4 Desemba ndege sita ziliruka kuwasaidia wanajeshi wa Marekani waliozingirwa na Wachina kwenye bwawa la Chosin. Mwenzake mmoja akaona mafuta yanavuja kutoka ndege ya Jesse; pengine ilipigwa risasi kutoka chini. Hakuwa na kimo cha kuruka na parachuti. Akailaza ndege kwenye theluji mlimani, ikakunjika, mguu ukabanwa. Wenzake huko juu wakamwona anapunga mkono.

Hudner hakuomba ruhusa. Akaiangusha ndege yake nzima pale karibu kwa makusudi, magurudumu hayajatoka, akaumia mgongo. Moshi unatoka mbele ya ndege, anauzima kwa kuchota theluji kwa mikono. Akamvika Jesse kofia ya sufu, akamfunga skafu kwenye mikono iliyoganda. Helikopta ikaja na Luteni Charles Ward, na shoka, na mtungi wa kuzimia moto. Shoka liligonga chuma likarudi. Giza likaanza kuingia, na helikopta ile haikuweza kuruka milimani usiku. Jesse alikuwa anapoteza fahamu na kurudi. Ujumbe wake ulikuwa Daisy aambiwe kwamba anampenda. Wakamwacha pale.

Siku tatu baadaye wenzake waliruka tena mpaka pale wakachoma mabaki kwa napalm ili mwili usichukuliwe na adui, redioni wanasali Baba Yetu. Hiyo sehemu nimeisoma mara mbili, sijui ningeweza kuwa rubani yupi kati yao.

Tarehe 13 Aprili 1951 Truman alimvisha Hudner nishani ya Medal of Honor, Daisy amesimama hapo hapo. Watu wa mji wa Hudner walipomchangia pesa, alimpa Daisy. Naye Daisy akarudi shule, akawa mwalimu. Mwaka 1973 jeshi likaingiza kazini manowari yenye jina la Jesse L. Brown.

Julai 2013, Hudner akiwa na miaka 88, alisafiri mpaka Korea Kaskazini kwenda kumtafuta Jesse. Mvua zilikuwa zimeharibu njia za milimani, wenyeji wakamwambia arudi wakati mwingine. Hakumpata. Daisy alifariki 2014, Hudner 2017, na Jesse bado yuko kule mlimani.

Haya, wa kitanda cha juu, nimekutumia. Usome yote ndipo uje kubisha, na zamu ya kupika leo ni yako.