Ilivyodukuliwa idara ya afya ya Ireland

Mnamo Machi 18, 2021, mfanyakazi wa idara ya afya ya umma nchini Ireland, HSE, alifungua faili ya Excel iliyoambatishwa kwenye baruapepe ya ulaghai. Wahalifu wakapata mwanya. Machi 31, programu ya kukabiliana na virusi iliwagundua, lakini ilikuwa imeagizwa itazame tu, isizuie! Hakuna aliyeshughulika.

Mei 14 walizifunga tarakilishi na kudai kikombozi, wakiwa wamekwisha kuiba data za wagonjwa. Madaktari wakarejelea kalamu na karatasi. Serikali ilikataa kulipa. Siku sita baadaye genge hilo lilitoa ufunguo bure, ingawa siri iliyoibwa hairejeshwi kwa ufunguo.

Uchunguzi ulibaini kuwa HSE haikuwa na afisa mkuu hata mmoja aliyewajibikia usalama wa mitandao.