Maradhi ya Akili na Tiba Yake: Historia Tuliyoisahau

Usiku huu nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulinong'ona.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akaieleza huzuni na hofu kuwa ni maradhi yenye tiba. Hospitali ya Argun mjini Aleppo, iliyojengwa mwaka 1354, ilikuwa na vyumba vya wagonjwa wa akili vilivyozunguka ua wenye chemchemi ya maji. Basi asiseme mtu kwamba habari hizi tumeletewa na Wazungu.

Hapa Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, watu wapatao 150,000 walikuwa wamefungiwa katika hospitali za wendawazimu, wengine kwa umri wao wote. Dawa ya klopromazini, iliyoanza kutumiwa Paris mwaka 1952, iliwatuliza wagonjwa ambao hapo kabla walidhaniwa hawana matumaini. Mwaka 1961 waziri wa afya, Enoch Powell (ndiye huyo huyo aliyewashambulia wahamiaji kwa hotuba yake ya 1968), alitangaza nia ya kuyafunga majumba hayo. Mengi yalifungwa katika miaka ya 1980 na 1990, na mara nyingi mzigo uliangukia jamaa wasiokuwa na msaada wa kutosha.

Kwetu je? Mirembe ya Dodoma na Mathare ya Nairobi ni hospitali zilizoachwa na wakoloni, na majina yake yakageuzwa kuwa matusi. Nyumbani mgonjwa alinyweshwa kombe, akafanyiwa zinguo, akapungwa; na aliyezidi kuwashinda watu alifungwa mnyororo uani. Kisomo sikikatai hata kidogo. Ninachokikataa ni mnyororo, na ile aibu iliyomfanya mzazi amfiche mwanawe mpaka maradhi yakakomaa.

Sheria nazo zilichelewa. Tanzania ilitunga sheria mpya ya afya ya akili mwaka 2008. Uingereza iliacha kumshtaki aliyejaribu kujiua mwaka 1961. Kenya, iliyorithi kosa hilo kutoka kwa Uingereza hiyo hiyo, ilingoja mpaka Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Kwa zaidi ya miaka 60, aliyenusurika kifo alikabiliwa na hatari ya kifungo.

Sasa nije kwenye mwezi wetu. Wako ndugu wanaoacha dawa ili wapate kufunga, wakiona haya kula mchana kwa maradhi yasiyoonekana. Mwenyezi Mungu alipomruhusu mgonjwa kufungua, hakubagua kichwa na tumbo. Anayetumia lithiamu ajue kwamba maji yakipungua mwilini, dawa hiyo hupanda katika damu na huweza kuwa sumu. Wako ambao daktari huwahamishia dawa zao wakati wa futari na daku, na wako ambao huwaambia wasifunge kabisa. Mwulizeni daktari kabla ya mwezi kuandama. Na ambaye hakuuliza, amwulize kesho.