Mvinyo wa Sisilia

Sisilia ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediterania, na jua lake ni kali. Wakati wa kiangazi mvua hukatika kwa miezi, udongo hupasuka na zabibu hujaa sukari. Maji ya zabibu yakichachuka, sukari hiyo hugeuka kileo. Ndiyo maana mvinyo wa kisiwa hiki, hasa wa nyanda za chini, umejulikana kwa ukali na uzito. Ukali huo uliupatia soko, lakini pia uliufanya ukose jina kwa muda mrefu.

Wagiriki walianza kuhamia pwani ya mashariki mwaka 734 KK wakaeneza kilimo cha mizabibu. Baadaye Warumi waliusifu mvinyo wa Mamertino, uliotoka upande wa Messina. Waarabu waliingia mwaka 827. Dini yao iliharamisha mvinyo, lakini zabibu za kula na za kukausha hazikuwa na kizuizi. Kumbukumbu yao imebaki katika aina iitwayo Zibibbo, jina lililotokana na neno la Kiarabu zabib, lilelile lililoingia katika Kiswahili likawa zabibu.

Makao ya Zibibbo ni Pantelleria, kisiwa kidogo cha volkano kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko na Sisilia yenyewe. Huko adui ni upepo, usiopumzika. Mkulima huchimba kishimo cha kina cha takriban sentimita 20, akapanda mzabibu ndani yake na kuupogoa uwe kijiti kifupi chenye matawi yanayolala karibu na ardhi. Upepo hupita juu, na unyevu kidogo wa usiku hukusanyika shimoni. Anayechuma hana budi kuinama siku nzima, kwa kuwa hakuna mashine inayoweza kazi hiyo. Sehemu ya zabibu huanikwa juani kwa majuma kadhaa hadi zisinyae, kisha hutolewa vikonyo kwa mkono na kutiwa katika maji ya zabibu mbichi yanayochachuka. Kinachopatikana ni Passito, mvinyo mtamu wa rangi ya asali. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ukulima huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na heshima hiyo inastahili: jua na upepo ambavyo vingeua shamba vimefanywa vitendea kazi.

Ng'ambo, kwenye pwani ya magharibi ya Sisilia, upo mji wa Marsala. Wenyeji wake walikuwa na desturi ya kuweka pipa lisilokauka: kila mwaka huchotwa kiasi, na mvinyo mpya hujazia pengo, hivyo wa zamani huulea mchanga. Mwaka 1773 mfanyabiashara Mwingereza John Woodhouse aliona mvinyo huo unafanana na mivinyo ya Ureno na Hispania iliyopendwa kwao. Aliutia pombe kali ya zabibu ili usiharibike safarini, akausafirisha Uingereza. Mwaka 1800 Nelson, amiri wa jeshi la majini la Uingereza, aliuagiza kwa ajili ya mabaharia wake, na katika miaka ya 1830 Vincenzo Florio akafungua kiwanda chake kushindana na Waingereza. Karne ya 20 iliushusha: watengenezaji wengi walitia mayai, kahawa na sukari, na mvinyo wa Marsala ukaishia jikoni kuwa kiungo cha mchuzi. Hasara hiyo haijalipika yote, ingawa Marsala Vergine, inayokaa kwenye mapipa miaka 5 au zaidi, ingali miongoni mwa mivinyo bora ya dunia.

Mivinyo myekundu ya kusini-mashariki ilipata msiba wa namna nyingine. Mvinyo wa Nero d'Avola, zabibu nyeusi na yenye nguvu, ulijazwa kwa wingi melini na kupelekwa kaskazini mwa Italia na Ufaransa kukoleza mivinyo iliyopauka. Mnywaji wa huko hakujua anakunywa jasho la Sisilia. Leo Nero d'Avola huuzwa kwa jina lake, na ikichanganywa na Frappato, zabibu nyepesi yenye harufu ya matunda, hutoa Cerasuolo di Vittoria, mvinyo wa kwanza wa Sisilia kupewa daraja la juu kabisa la Italia, mwaka 2005.

Kwenye mlima Etna mambo hubadilika kabisa. Mashamba hupanda hadi kimo cha mita 1,000 hivi, kwenye matuta yaliyokingwa kwa kuta za mawe ya lava. Mchana jua huwaka, usiku baridi huuma, na zabibu nyingi huchumwa Oktoba, wakati mapipa ya tambarare yamekwisha kujaa. Katika udongo wa kichanga mdudu filoksera, aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hakustawi. Kwa hiyo ipo mizabibu yenye zaidi ya miaka 100 inayosimama juu ya mizizi yake yenyewe. Zabibu ya Nerello Mascalese hutoa mvinyo mwekundu mwangavu, na Carricante mweupe wenye uchachu mkali. Vitongoji vya mashamba, viitwavyo contrada, ni zaidi ya 130, na jina la kitongoji huruhusiwa kuandikwa kwenye chupa. Shamba lililo ng'ambo ya mkondo mmoja wa lava iliyoganda huwa na jina jingine, na mara nyingi bei nyingine.