Pumzi ya Watu na Amri ya Mungu: Swali la Mateso katika Nchi ya Rungwe

Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba, majahazi na meli zikavunjika bandarini, na Sayyid Barghash, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili katika kiti chake, aliona utajiri wa kisiwa ukilala chini. Pemba, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari, ilisalimika karibu yote, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Nani asingeuliza: kwa nini huku na si kule? Mashamba ya Unguja yalikuwa na dhambi gani ambayo mashamba ya Pemba hayakuwa nayo?

Sisi watu wa visiwa na pwani swali hili tunalo tangu zamani, na majibu yake tumekwisha kuyazoea: ni kudura, ni mtihani, subira yavuta heri, baada ya dhiki faraja. Washairi wetu wamelitia katika tenzi. Tunao Utenzi wa Ayubu, na tunao utenzi ambao Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kumwachia binti yake, naye akiwa mgonjwa. Tumelizoea swali hata tukadhani kuwa kila mja, popote alipo, ameliuliza kwa maneno hayo hayo: kwa nini Mwenyezi Mungu ameruhusu?

Makala haya yanamwomba msomaji aiache bahari kwa muda, apande nasi hadi nyanda za juu kusini, katika wilaya ya Rungwe na mji wake wa Tukuyu. Sababu ni kwamba huko swali hili lina historia inayoweza kufuatwa kwa tarehe. Kabla yake palikuwa na swali jingine, na kukutana kwa maswali hayo mawili kuna la kutufunza hata sisi wa huku chini.

Nchi yenyewe ni ya neema. Mlima Rungwe unakaribia mita 2,960, na mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hata migomba, chai na viazi husitawi mahali ambapo mgeni angetegemea kuona msitu mtupu. Lakini neema hiyo imezaliwa na moto. Rungwe ni volkano. Ziwa Ngozi limelala ndani ya shimo la volkano. Na jiwe linalouvuka mto Kiwira, ambalo wenyeji huliita Daraja la Mungu, ni zao la moto huo huo wa chini ya ardhi. Mlima Kyejo ulitema mawe ya moto yapata miaka mia mbili tu iliyopita. Tutarudi kwenye moto huu mwishoni.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na mpango wa kuishi ambao umewashangaza wataalamu wa mila. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi au zaidi kidogo alitoka nyumbani kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na vijana wa rika lake, na hapo ndipo palipokuwa kijiji chake cha maisha. Wakikua walioa hapo hapo. Kwa hiyo jirani ya mtu hakuwa ndugu yake wa damu, bali mwenzake wa rika; na sifa kubwa ya utu ilikuwa kujua kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao.

Katika maisha ya namna hiyo, mtu alipopatwa na homa, au mkewe akakosa uzazi, au ng'ombe wakakauka maziwa, swali la kwanza halikuwa juu ya Mungu. Liliulizwa: nani ananung'unika? Mtu amemdharau mkwewe. Ameficha nyama asiwape wenzake. Amewatupa wazazi wake. Majirani wamekaa jioni wakimsema kwa sauti ya chini, na pumzi yao imemwangukia kama baridi. Jambo hilo waliliita embepo sya bandu, yaani pumzi ya watu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya mkalimani hapo, maana anaona mara moja undugu wa neno hilo na upepo wetu, na pepo wetu pia.

Zaidi ya pumzi ya walio hai, palikuwa na hasira ya wazee waliokufa. Na zaidi ya hizo, palikuwa na uchawi wenyewe, ambao ulisemekana kuwa ni chatu waliomo tumboni mwa mtu mwenye tamaa. Lakini pumzi ya watu ilikuwa tofauti na uchawi. Uchawi ulikuwa uovu. Pumzi ilikuwa hukumu ya haki ya kijiji. Dawa yake nayo ilikuwa ya haki. Mkosaji aliungama, akachinja, akawalisha aliowakosea. Na aliyekosewa alitakiwa aitoe hasira yake kwa maneno, asiifiche, kisha ateme maji kuwa ishara kwamba moyo umesafika. Hasira iliyosemwa ilipoa. Hasira iliyofungiwa kifuani ndiyo iliyoua. Hata makuhani waliokwenda kutambika katika msitu wa Lubaga, mahali pa shujaa Lwembe, walipaswa kwanza kusemezana magomvi yao, maana tambiko la watu wenye kinyongo halikubaliki.

Tusiipambe picha hii kupita kiasi. Hukumu ya namna hiyo ilikuwa na ukatili wake. Aliyetuhumiwa uchawi alinyweshwa mwafi, sumu ya kiapo, na wapo waliokufa. Lwembe aliyekuwa hai, mrithi wa jina la shujaa, hakuachiwa afe kwa maradhi kama watu wengine. Alipougua sana makuhani walimziba pumzi, ili rutuba ya nchi isimtoke pamoja na roho. Mahali ambapo kila msiba una mwenyewe, daima atatafutwa mwenyewe, na aghalabu atapatikana aliye mnyonge.

Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Kijerumani wa makundi mawili. Wa Berlin waliongozwa na Alexander Merensky. Wamoraviani walikuwa vijana wanne, wakajenga chini ya Mlima Rungwe. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki kwa homa mwaka ule ule, kazi ikiwa haijaanza barabara. Kwa hiyo hata waleta habari walifika wamebeba swali lao mabegani: ikiwa Mungu ndiye aliyetutuma, mbona mwenzetu amekufa njiani?

Walihitaji neno la kumtaja huyo Mungu, wakalichukua jina la Kyala. Hapa ndipo historia inapogeuka, na wapenzi wa lugha wapaswa kupatazama vizuri. Monica Wilson, aliyeichunguza mila ya Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliona kwamba Kyala wa kale alikuwa shujaa miongoni mwa mashujaa, wa jamii moja na Lwembe, mwenye mahali pake pa kutambikiwa kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Sasa jina hilo lilipandishwa likawa la Muumba wa mbingu na nchi, Mwenye nguvu zote, Mwenye huruma zote. Na mara tu neno moja lilipobeba nguvu zote na huruma zote kwa pamoja, swali la Ayubu liliingia Rungwe. Shujaa mmoja kati ya wengi haulizwi kwa nini ameruhusu. Huenda hakuwapo, huenda hakuweza. Lakini Mwenyezi lazima aulizwe.

Mtihani haukuchelewa. Mnamo Mei 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliuteka mji, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg na ambao leo ni Tukuyu. Wanaume walichukuliwa upagazi, chakula na ng'ombe vikachukuliwa kulisha vita isiyokuwa yao. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Kisha mwishoni mwa 1918 ikaja homa ya mafua iliyoizunguka dunia nzima, na nyuma yake njaa, kwa sababu mikono iliyopaswa kulima ilikuwa kaburini, au vitani, au kitandani. Waskoti wa Livingstonia walipewa uangalizi wa makanisa, lakini walikuwa wachache na walikuwa mbali. Waliobaki kila siku na wafiwa ni waalimu na wazee wa kanisa wa Kinyakyusa wenyewe, na Wajerumani hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920.

Hebu tufikirie kazi ya mwalimu wa kijiji katika msimu ule. Mafua yaliua bila kuchagua: mkarimu na bahili, aliyeungama na aliyeficha. Swali la zamani, nani ananung'unika, lilielemewa, kwani ni pumzi ya kijiji gani ingeweza kuua vijiji vyote kwa pamoja? Swali jipya nalo halikuwa jepesi, maana Kyala aliyehubiriwa kuwa baba aliyaona yote na hakuyazuia. Mwalimu alisimama kati ya maswali mawili bila jibu kamili la lolote, na kazi yake ilikuwa kuzika watu.

Hata hivyo swali la zamani halikufa. Wilson na mumewe walipofika, takriban miaka 15 baada ya maafa hayo, walimkuta Kasitile, kuhani wa mvua, aliyezungumza na Godfrey kwa kirefu juu ya mambo ya jadi. Na walikuwa na karani wao, Leonard Mwaisumo, aliyewafungulia milango mingi. Waliwaona Wakristo waliosali kwa Kyala wa Biblia na bado wakaiogopa pumzi ya majirani. Mgeni angeuita unafiki. Mimi naona sivyo. Wamoraviani wenyewe, tangu kwao Ulaya, walikuwa na desturi ya kuzungumza na kila muumini kabla ya Meza ya Bwana, kujua kama moyo wake una amani na wenzake. Mtu aliyelelewa na mila ya kuitema hasira kabla ya tambiko hakuona geni hapo.

Naye Monica Wilson alifiwa na mumewe mwaka 1944. Vitabu vyake vikubwa juu ya Wanyakyusa, cha 1951 juu ya vijiji vya rika, cha 1957 juu ya mila za ukoo na mazishi, na cha 1959 juu ya matambiko ya nchi, vyote vilitoka akiwa mjane. Ni vizuri kukumbuka hilo tunaposoma kurasa zake za kilio.

Swali likarudi tena katika zama zetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulikuta kwamba katika mkoa wa Mbeya, ambamo Rungwe imo, watu 13.5 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko mikoa yote iliyopimwa, na karibu mara mbili ya wastani wa nchi, uliokuwa 7. Barabara kuu ya kwenda Malawi inapita Tukuyu, na maradhi hufuata njia za watu. Majibu mawili ya kale yalitolewa upya, bara na pwani sawia. Wapo waliosema: amerogwa. Wapo waliosema, tena juu ya mimbari: ni adhabu ya Mungu. La kwanza lilimtafutia mgonjwa adui. La pili lilimfanya mgonjwa awe adui. Yote mawili yalimfundisha ajifiche, na aliyejificha alikufa peke yake. Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, aliyepona ni yule aliyethubutu kusema ugonjwa wake mbele ya mtu ambaye hakumkimbia.

Sasa turudi kwenye moto. Huwa tunafarijiana kwa kusema kwamba majivu ya volkano ndiyo yaliyoizaa rutuba ya Rungwe, na kwamba ndivyo Mola anavyotoa heri katika shari. Kwamba majivu huzaa rutuba ni kweli, lakini faraja hiyo ina haraka. Kama moto wa Kyejo ulimkuta mtu shambani mwake, huyo hakula ndizi zilizoota juu ya majivu yake. Mikarafuu ya Pemba haikumlipa fidia mkulima wa Unguja. Mwenye kufaidika na msiba wa mwenzake hana haki ya kumweleza maana yake.

Kwa nini Mungu ameruhusu, sisi waja hatujafunuliwa lote, na mashekhe na mapadri wenye ujuzi hukiri hivyo. Lakini historia ya Rungwe yatuonya kwamba swali la Mungu lisitumike kulizima swali la watu. Vita ya 1916 haikushuka mbinguni. Ililetwa na majeshi yenye makamanda. Njaa iliyoifuata ilikuwa na mkono wa binadamu ndani yake. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Tungeweza kuongeza kwamba msiba wa kutakiwa na wengine una kilio na una madai. Na yatuonya kinyume chake pia: swali la watu lisigeuke tuhuma, maana bado wapo vikongwe katika nchi yetu wanaoulizwa kwa mapanga nani ananung'unika.

Ayubu wa vitabuni alitembelewa na rafiki waliomtafutia kosa, na rafiki hao ndio waliokemewa. Katika visa tulivyosimuliwa huku pwani, aliyebaki naye ni mkewe, aliyemuuguza miaka yote. Hatukuhadithiwa kwamba alimfafanulia maana ya donda lake. Alilisafisha.