Udongo wa Leta: nani alikuwa na haki ya kuangalia ukiuzwa?

Leo naanza na borne mbili za saruji.

Miaka michache kabla ya vita hivi vya karibuni, wazazi wa kartie yetu hapa Goma waliamka wakakuta borne hizo zimesimikwa katika kiwanja cha shule ya Leta, pale watoto wanapochezea mpira. Wanaojua mji huu wanaelewa hiyo si kazi ya usiku mmoja. Kiwanja kile ni mawe matupu ya volkano ya tarehe 17 Januari 2002, na kutoboa shimo pale kunataka watu wawili, mtarimbo na siku nzima. Basi kazi ilifanyika mchana, watu wakipita na kuangalia. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwenye kusimamia alikuwa na bahasha mkononi. Alipoulizwa baadaye alijibu maneno machache: komini imekwisha kuuza.

Mama mmoja mzazi akaniuliza: “Mwandishi, wewe unayesoma, komini inaweza kuuza kiwanja cha shule?” Nilishindwa kumjibu siku hiyo. Nilianza kutafuta, na njia ikanirudisha nyuma hadi mwaka 1885.

Tarehe 1 Julai 1885 ndipo Dola Huru la Kongo, lile la mfalme Leopold wa Pili, lilipoanza kushika udongo kwa karatasi. Msimamizi mkuu wake, Francis de Winton, alitoa ordonansi iliyosema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kukaa kwenye udongo mtupu bila hati, na kwamba udongo mtupu wote ni wa Leta. Neno “mtupu” ndilo lililobeba mzigo wote. Kwa wakubwa wale, shamba lililopumzishwa miaka mitatu ni tupu. Pori la kuwindia ni tupu. Kilima walipozikwa mababu, kama hakuna nyumba juu yake, ni tupu. Mwaka 1906, baada ya kelele nyingi huko Ulaya, waliongeza kidogo: kijiji kikaweza kuhesabiwa eneo mara tatu ya lile kinalolikalia na kulilima. Lililobaki likawa la Bula Matari.

Kabla ya hapo udongo haukuwa bila mwenyewe wala bila sheria. Hapa Kivu, kwa mfano Bushi, mtu alipata shamba kwa kutoa kalinzi, mara nyingi ng’ombe, kwa mwami au kwa mkubwa wa kilima, mbele ya mashahidi. Siwasifu wami kupita kiasi. Wapo waliowanyang’anya raia wao, na hata leo wapo. Lakini mtu alijua nani aliona.

Mwaka 1908 Wabelgiji walipomnyang’anya mfalme koloni lake, waliandika sheria waliyoiita Hati ya Koloni, ya tarehe 18 Oktoba. Kifungu chake cha 15 kilinishangaza, na ninaomba mnisikilize vizuri hapa. Kilisema kwamba udongo wa Leta hautolewi bila dekreti. Tena, kama eneo linalotolewa moja kwa moja linazidi hektari 10,000, mswada wa dekreti hiyo, pamoja na karatasi zote za kuuelezea, uwekwe mezani katika mabaraza mawili ya Bunge kwa siku 30 za kikao. Kwa eneo la kutumia tu, kwa zaidi ya miaka 30, mpaka ulikuwa hektari 25,000.

Maana yake mbunge yeyote angeweza kusogea mezani, kufungua faili, kusoma na kuuliza: kwa nini kampuni hii? kwa bei gani? nani anakaa pale? Ni sheria nzuri ya kuchunguza mali ya umma. Ila meza hiyo ilikuwa Brussels. Mtu wa Bandundu ambaye mitende yake ilikuwa ndani ya faili hakujua hata kama faili lipo. Mwaka 1911 Koloni lilifunga mapatano na Mwingereza William Lever, mtu wa sabuni, kumruhusu kuchagua hadi hektari 750,000 za mitende katika miviringo mitano. Wenye mitende walikuja kujua habari walipoambiwa waanze kukata ngazi kwa ajili ya kampuni.

Kwa upande wetu wa Kivu, mambo yalipita mlango mwingine. Januari 1928 Koloni liliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, kwa mfano wa ile Kamati Maalum ya Katanga ya mwaka 1900. Kamati ilipewa mamlaka ya kusimamia udongo na kuwagawia wazungu wa kahawa, chai na mifugo. Ndiyo hali ya kila baraza linalopewa mali ya umma igawe kwa niaba ya Leta: linakuwa mgawaji, na papo hapo linaonja chungu. Walioanza kulima Masisi, Rutshuru, Kalehe na Kabare kwa hati za wakati huo walipata vilima vizuri kuliko vyote, karibu na barabara na maji. Ongeza Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa 1925 na kupanuliwa baadaye, ile tunayoiita Virunga leo. Ongeza pia watu walioletwa kutoka Rwanda kuanzia 1937 ili wakae na kufanya kazi katika mashamba ya Masisi. Mtaona namna vilima vilivyojaa, huku vitabu vikiendelea kuviita vitupu.

Wabelgiji wenyewe waliona aibu kidogo. Dekreti ya tarehe 31 Mei 1934 ilitaka uchunguzi ufanyike pale pale kijijini kabla udongo haujatangazwa kuwa mtupu. Mkubwa wa teritware aende, apite mipakani, awasikilize wenyeji. Kwenye karatasi, ndiyo mara ya kwanza mwenye shamba aliitwa kusema neno. Lakini fikirini picha yenyewe: mzungu mwenye askari anakaa kwenye kiti, anamuuliza chefu aliyemweka yeye mwenyewe kama udongo huu una mtu. Chefu anajibu nini? Wengi waliweka alama ya kidole.

Tukarukie uhuru. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria ambayo wazee bado wanaiita kwa jina la mbunge aliyeipigania, sheria ya Bakajika. Ilisema Kongo inarudisha mikononi mwake haki zote za udongo, misitu na madini zilizotolewa kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Watu walifurahi. Wengi walidhani udongo umerudi kwao. Ulirudi kwa Leta.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo ndiyo msingi wa mambo haya mpaka leo ingawa imerekebishwa. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi na haupotei kwa kukaliwa muda mrefu. Ndiyo maana, kwa kweli, mtu anayesema “nilinunua udongo kwa Leta” anakosea. Leta haiuzi, inatoa konsesyo. Kwa raia wa Kongo inaweza kuwa ya kudumu, kwa wengine ni ya miaka 25 inayoweza kurudiwa. Lakini sokoni kila mtu anasema kuuza, nami nitaendelea kusema hivyo, maana pesa inayotoka mfukoni ni ile ile.

Kifungu cha 55 ndicho nilichotamani kumsomea yule mama. Kinasema udongo uliowekwa kwa matumizi au huduma ya watu wote ni milki ya umma ya Leta, na hautolewi kwa mtu mpaka uondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kiwanja cha shule, soko, makaburi, barabara, hospitali vimo humo. Basi swali la kwanza mbele ya borne yoyote mahali pa umma si “umelipa bei gani?” Swali ni “iko wapi karatasi inayosema hapa si shule tena, na nani aliisaini?” Kama haipo, vingine vyote vilivyojengwa juu yake vimekaa juu ya maji. Kifungu cha 204 kinasema konsesyo iliyotolewa kwa kuvunja sheria hii ni batili.

Kwa udongo wa vijijini sheria hiyo ilibakiza uchunguzi wa 1934 kwa sura mpya, kuanzia kifungu cha 193. Kabla ya konsesyo, mipaka ihakikishwe mahali penyewe; watu wote wanaokaa au kufanya kazi pale wahesabiwe; vilivyopo viandikwe, msitu, mito, njia; wenye malalamiko wasikilizwe kwa mdomo, na barua zao zipokelewe. Na kadiri eneo linavyokuwa kubwa, ndivyo saini inavyopanda: gavana, waziri, rais, na yale makubwa kuliko yote yapite kwa sheria ya Bunge. Ukisoma hivyo utasema hakuna nchi inayochunguza udongo wake kama Kongo.

Masisi ya miaka ya 1970 ilionyesha namna ya kuruka uzio huo. Wakati wa zairianisasyo, kuanzia Novemba 1973, mashamba ya wazungu yaligawiwa kwa waliokuwa karibu na utawala. Mengine yalipanuliwa, na wakulima waliokuwa ndani wakaamka wakiwa vibarua au wavamizi kwenye vilima vyao. Kifungu cha 389 kiliahidi ordonansi ya rais ya kupanga haki za jamii za vijijini. Miaka ilipita, marais walipita, ordonansi haikuja. Vita vya Masisi na Walikale vilipolipuka 1993 watu walitaja makabila, na ni kweli makabila yalitumiwa. Lakini waulize wazee, watakutajia malisho na mipaka pia.

Sasa turudi mjini, kwenye komini. Tarehe 20 Desemba 2023 baadhi ya miji yetu ilipiga kura ya washauri wa komini. Kabla ya hapo tulikuwa na viongozi waliowekwa kutoka juu, na hakukuwa na baraza la kuwauliza. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya entite zilizogatuliwa iliwapa washauri hao kazi ya kumsimamia burugumesta. Muda wao, kwetu Goma, ulikatwa na mambo mnayoyajua ya Januari 2025. Lakini jambo moja linabaki palepale, yeyote anayekalia kiti: fishi ya parsele inayotolewa na kartie au komini haikupi konsesyo. Hati inayosimama ni sertifika inayoandikishwa kwa konservatere. Na sertifika nayo ina meno. Ikipita miaka 2 bila kushtakiwa, kuiondoa ni shida kubwa. Mara nyingi kinachobaki kwa aliyedhulumiwa ni kudai fidia. Mawakili hubishana juu ya sertifika iliyopatikana kwa udanganyifu, na ubishi huo unagharimu dola ambazo mhami hana.

Hapo ndipo ninapowawaza ninyi mlioko masite. Uchunguzi wote huo, wa 1934 na wa 1973, unategemea kitu kimoja: kwamba mwenye kulalamika yupo. Nani atahesabiwa Kitshanga kama Kitshanga imekimbia? Nani atasema “huu mpaka ni wa baba yangu” kama baba amefia Bulengo na watoto wako Minova? Shamba la mtu aliyekimbia vita linaota majani msimu mmoja, wa pili linakuwa pori, na wa tatu anafika mtu na bahasha, anasema ni tupu. Sitaki kuwatisha. Nawaambia nilichokisoma: neno la 1885 halijafa, linangojea tu watu waondoke.

Familia moja ya Masisi niliyoitembelea ilikuwa na daftari la shule. Mzee alikuwa amemwamuru mjukuu aandike majina ya majirani wanne wa shamba, mti wa mpaka kila upande, mto, mwaka babu alipopewa na jina la chefu aliyempa, pamoja na majirani walio hai na mahali walipohamia. Mwishoni majirani wawili waliokuwa site hiyohiyo walitia saini. Si hati. Lakini kifungu kile cha uchunguzi kinataka malalamiko ya maandishi yapokelewe, na hilo ni andiko. Mzee aliniambia ameandika mawili, moja liko kwa padri.

Na kiwanja cha shule? Kamati ya wazazi ilikwenda komini mara tatu kuomba kuonyeshwa karatasi ya kuondoa kiwanja katika matumizi ya shule. Mara ya kwanza walimkosa mkubwa. Mara ya pili waliambiwa faili liko kadastre. Mara ya tatu walikwenda na akina mama wapatao arobaini, wakakaa kimya kwenye ngazi mpaka saa tisa. Karatasi haikuonekana, na yule mtu wa bahasha hakurudi kujenga. Baadaye vita vilikaribia, madarasa yakajaa wahami, na kwenye kile kiwanja zilisimama hema. Borne moja iling’olewa kuwa jiko. Nyingine bado ipo, watoto wanaitumia kuwa nguzo ya goli.