Birmingham na historia ya saa ya mazoezi

Tarehe 30 Julai mwaka 2022, wakimbiaji wa marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola walipita katika kitongoji cha Bournville, kusini mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, kwenye makao ya kiwanda cha chokoleti cha Cadbury. Victor Kiplangat wa Uganda alishinda kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 55, ijapokuwa karibu na mwisho alikosea njia kwa muda. Alphonce Felix Simbu wa Tanzania alikuwa wa pili, na Michael Githae wa Kenya akawa wa tatu. Medali zote tatu zilikwenda Afrika Mashariki.

Wasikilizaji wapenzi, makala haya hayahusu mbio hizo hasa, bali yanahusu kitongoji zilikopita na jiji lililo nyuma yake. Kila mwaka unapoanza, mamilioni ya watu duniani huazimia kufanya mazoezi, na wiki chache baadaye wengi wao huwa wameacha. Vitabu na wahubiri wa mafanikio huwaambia kwamba kilichokosekana ni nia na fikra zenye matumaini. Historia ya Birmingham, kwa zaidi ya miaka 150, yatoa jibu jingine: watu walidumu na mazoezi pale walipopata muda uliotengwa, mahali pa karibu na wenzao wa kwenda nao. Nia ilikuwa na kazi yake, lakini peke yake haikutosha.

Katika karne ya 19, Birmingham ilikuwa jiji la karakana. Vifungo, bunduki, vyombo vya shaba na nibu za kalamu zilizoandikiwa sehemu nyingi za dunia zilitoka huko. Wafanyakazi wengi waliishi katika nyumba zilizojengwa zikiegemeana migongo, familia nyingi zikichangia ua mmoja na bomba moja la maji. Mwaka 1851 halmashauri ya jiji ilifungua mabafu ya umma katika mtaa wa Kent, watu wapate kuoga na kuogelea. Mwaka 1867 jiji likawa mwenyeji wa tamasha la riadha la Chama cha Taifa cha Olimpiki cha Uingereza, miaka 29 kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Athens. Hata hivyo, michezo ya namna ile ilihitaji wasaa. Mtu aliyesimama kwenye mashine tangu alfajiri hadi usiku hakuhitaji kuhimizwa atumie viungo vyake. Alihitaji kupumzika.

Kiwanda katika bustani

Mwaka 1879 ndugu wawili, Richard na George Cadbury, waumini wa madhehebu ya Quaker, walihamisha kiwanda chao kutoka katikati ya jiji hadi mashambani, mahali walipopaita Bournville. Kuanzia mwaka 1895 George alianza kujenga kijiji chenye nyumba zenye bustani. Viwanja vya michezo vikafuata, vya wanaume upande mmoja na vya wanawake upande mwingine, kwani waajiri wale hawakutaka jinsia hizo mbili zichanganyike ovyo. Mwaka 1904 bwawa la kuogelea la wasichana lilikuwa limekamilika, ndani ya jengo la matofali ambalo lingalipo hadi leo. Mwaka 1924 yakaongezwa makao ya michezo ya Rowheath, yenye viwanja vilivyotosha timu nyingi kucheza kwa wakati mmoja.

Lakini lililo muhimu zaidi kwetu si viwanja, ni saa. Wafanyakazi vijana wa Cadbury walipewa vipindi vya mazoezi ya viungo ndani ya muda wa kazi, na mahudhurio yalikuwa ya lazima. Msichana aliyekuwa akipanga chokoleti katika visanduku aliacha meza yake, akavaa mavazi ya mazoezi, akaenda ukumbini chini ya mwalimu, kisha akarudi mezani. Hakuchagua siku, wala hakujiuliza kama leo ana hamu. Mshahara wake haukukatwa.

Tunaweza kuuita ukarimu, na ulikuwamo. Tunaweza pia kuuita hesabu ya mwajiri, maana mfanyakazi mwenye siha haugui mara kwa mara na mikono yake ni myepesi. Familia ya Cadbury yenyewe haikuficha kwamba iliona mambo hayo mawili yakienda pamoja. Aidha, mazoea yale yalikuwa na mpaka wake: mwanamke alipoolewa alitakiwa kuacha kazi. Saa yake ya mazoezi ilikwisha siku hiyohiyo, na hakuna aliyemtengea nyingine jikoni kwake.

Kuna jambo jingine ambalo msikilizaji wa Afrika ana haki ya kuliuliza. Kakao ile ilitoka wapi? Mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa yake ilinunuliwa kutoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, koloni la Ureno katika Ghuba ya Guinea. Wavunaji wengi walikuwa watu waliochukuliwa Angola kwa kile kilichoitwa mkataba, ingawa wengi wao hawakurudi kwao. Cadbury walisikia habari hizo mwaka 1901. Mwandishi Henry Nevinson alizitangaza kwa ulimwengu mwaka 1905 na 1906, na kampuni ikamtuma Joseph Burtt kuchunguza. Ilikuwa Machi mwaka 1909 ndipo iliposusia kakao ya visiwa hivyo. Gazeti la The Standard lilipoituhumu kampuni kwa unafiki, Cadbury walishtaki, na kesi ikasikilizwa Birmingham kwenyewe. Mnamo Desemba 1909 baraza la mahakama liliwapa ushindi, pamoja na fidia ya robo ya peni.

Hukumu hiyo yasema mengi kwa maneno machache. Kwa miaka minane, afya ya msichana wa Bournville ilitunzwa kwa fedha zilizopatikana kwa jasho la watu ambao hawakuwa na saa hata moja iliyo yao. Hilo halifuti faida aliyoipata msichana yule. Lakini laonyesha kwamba muda wa kuutunza mwili si kitu ambacho kila mtu huamka nacho asubuhi. Kuna wanaopewa na kuna wanaonyang'anywa.

Swala wa Birchfield

Kaskazini mwa jiji, mazoea yalijengwa kwa njia nyingine. Mwaka 1877, baada ya ugomvi kuhusu matokeo ya mbio za nyika, vijana kadhaa walianzisha klabu yao wenyewe, Birchfield Harriers. Nembo yao ni mnyama wa jamii ya paa akiwa mbioni. Hapakuwa na mwajiri wa kuwalazimisha. Kilichowafunga ni miadi: siku fulani, saa fulani, wenzako wanakungoja, na usipotokea utaulizwa. Mwaka 1929 walipata uwanja wao huko Perry Barr, ukaitwa Alexander kwa heshima ya W. W. Alexander, aliyeitumikia klabu kwa miaka mingi. Mwaka 1976 ukafunguliwa uwanja mpya wenye jina hilohilo. Ni klabu hii iliyomlea Denise Lewis, bingwa wa Olimpiki wa michezo saba huko Sydney mwaka 2000.

Wakenya na Waganda wanaujua uwanja huo kwa sababu nyingine. Mwaka 2022, baada ya ukarabati uliogharimu pauni milioni 72, Ferdinand Omanyala alishinda hapo mbio za mita 100, Mary Moraa akashinda mita 800, Beatrice Chebet mita 5,000, na Jacob Kiplimo wa Uganda akatwaa dhahabu mbili, za mita 5,000 na 10,000.

Naye Simbu? Kisa chake chafaa kuelezwa, kwa kuwa ndicho kinachotajwa mara nyingi kama mfano wa moyo usiokata tamaa. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alipata shaba katika mashindano ya dunia mjini London. Ikaja fedha ya Birmingham mwaka 2022. Mwaka 2024 huko Paris alimaliza wa 17, na wapo waliodhani zama zake zimepita. Septemba mwaka 2025 mjini Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ndogo mno hata wote wawili wakaandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Miaka minane kati ya shaba na dhahabu ni mingi. Ustahimilivu huo ni wa kweli, nasi tunausifu. Lakini Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mtu mwenye ajira, na hukimbia pamoja na wenzake. Kijana mwenye moyo kama wake, anayebeba mizigo sokoni tangu alfajiri ili watoto wale, hana nafasi hiyo hata akiamka na fikra njema namna gani.

Uchunguzi wa wataalamu nao unaelekea huko. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Makonda, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo mara chache kuliko madereva waliokaa kitini. Makonda hao hawakuwa wakifuata mpango wa siha, ila kazi yao iliwapandisha ngazi. Miaka mingi baadaye, Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga zoea moja kila siku, kila mmoja akilifungamanisha na jambo analolifanya tayari, kama vile kumaliza kifungua kinywa. Ule usemi kwamba siku 21 zatosha haukuthibitika. Wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ni faraja kwa wengi wetu, maana mara nyingi kinachotuangusha si ile siku tuliyokosa bali aibu ya siku inayofuata.

Mabafu ya Balsall Heath

Turudi Birmingham, katika mtaa wa Balsall Heath. Mabafu ya barabara ya Moseley yalifunguliwa huko mwaka 1907, yakiwa na mabwawa mawili na vyumba 46 vya kuogea, kwa kuwa nyumba nyingi za jirani hazikuwa na bafu. Vyumba hivyo vilitumika hadi mwaka 2004. Katika muda huo mtaa ulibadilika. Walikuja watu kutoka visiwa vya Karibi, Pakistan, Bangladesh na Yemen, na baadaye Somalia. Wenye asili ya Asia waliokimbia Kenya mwaka 1968 na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 nao walipata makazi katika jiji hili na miji jirani, wengi wao wakiwa na Kiswahili midomoni.

Bwawa kubwa lilifungwa mwaka 2003, na kwa miaka kadhaa ilitarajiwa kwamba hata lile dogo litafungwa, kwani halmashauri haikuwa na fedha. Wakazi walikataa. Mwaka 2018 shirika lao la hisani lilichukua jukumu la kuliendesha, likisaidiwa na watu wa kujitolea. Hali ya fedha ya halmashauri haikutengemaa: Septemba mwaka 2023, miezi 13 tu baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kumalizika, Birmingham ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kuyamudu matumizi yake, na huduma nyingi za umma zikaanza kupunguzwa. Uwanja wa pauni milioni 72 ulibaki pale pale.

Mwendo mfupi kutoka mabafu hayo ipo bustani ya Cannon Hill, iliyotolewa kwa wananchi na tajiri Louisa Ryland na kufunguliwa mwaka 1873. Tangu mwaka 2010, kila Jumamosi saa 3 asubuhi, watu hukusanyika humo kukimbia au kutembea kilomita 5. Mbio za namna hii zilianza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy, London, zikiwa na wakimbiaji 13. Hakuna kiingilio wala zawadi, na waandaaji wote ni wa kujitolea. Mmoja wao hupewa kazi ya kutembea nyuma kabisa ya msafara, ili mshiriki aliyechoka kuliko wote asifike peke yake, wala asiwe yeye wa mwisho.