Uzuri wa Mkakasi: Historia ya Rangi Zilizodhuru Nyumbani

Mpendwa mwanafunzi, kabla hujaendelea kusoma, utazame ukuta ulio karibu nawe. Umepakwa rangi gani? Na ndani ya rangi hiyo mna nini? Swali la kwanza ni jepesi. La pili liliwachukua wanadamu miaka mingi kulijibu, na waliolipia ucheleweshaji huo walikuwa hasa watoto. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Leo nakusimulia visa viwili vya kuthibitisha methali hiyo, kisha tujiulize sheria za usalama wa nyumba hutoka wapi.

Kisa cha kwanza kilianzia Sweden. Mwaka 1775, mkemia Carl Wilhelm Scheele alitengeneza rangi ya kijani yenye shaba na arseniki. Katika karne ya 19, mitambo ilipoanza kuchapa karatasi za kupamba kuta kwa bei nafuu, kijani hicho kiliingia sebuleni na hata katika vyumba vya watoto nchini Uingereza. Watu walijua kuwa arseniki ni sumu, kwani waliitumia kuulia panya. Hata hivyo, wengi waliamini kwamba ikikaa ukutani haimdhuru mtu. Mwaka 1862, watoto wa familia moja jijini London walifariki wakifuatana, na karatasi za kijani za chumbani mwao zikashukiwa. Katika miaka ya 1890, mtaalamu wa Italia, Bartolomeo Gosio, alionyesha kwamba kuvu waotao juu ya rangi hiyo penye unyevunyevu waweza kutoa gesi yenye arseniki.

Mbunifu mashuhuri wa mapambo, William Morris, aliipuuza hofu hiyo. Kumbuka kwamba familia yake ilikuwa na hisa katika mgodi wa Devon uliozalisha arseniki. Bunge la Uingereza nalo halikupitisha sheria ya kuzikataza karatasi hizo. Zilitoweka kwa sababu wanunuzi walizikimbia, na watengenezaji wakaanza kutangaza karatasi zisizo na arseniki.

Kisa cha pili kilitokea Brisbane, katika jimbo la Queensland, Australia. Nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa mbao, zikawa na baraza pana zenye kingo zilizopakwa rangi. Rangi hiyo ilikuwa na risasi. Hapa simama kidogo: katika Kiswahili, neno risasi lina maana ya madini na pia ya kitu kinachotoka katika bunduki. Risasi tunayoizungumzia haina mlio, lakini nayo hujeruhi.

Watengenezaji waliipenda risasi kwa kuwa iliifanya rangi ing'ae na kustahimili hali ya hewa. Lakini jua na mvua vilipoichakaza, iligeuka unga. Mtoto aliyecheza barazani aliushika ukingo, kisha akatia vidole kinywani. Madaktari wa Brisbane walikuwa wakiwapokea watoto waliopooza viungo au kupungukiwa na uwezo wa kuona. Mwaka 1904, daktari wa macho J. Lockhart Gibson alieleza kwamba chanzo cha sumu hiyo ni rangi ya nyumbani.

Sheria ilikuja lini? Mwaka 1922, yaani miaka 18 baadaye. Queensland ilikataza rangi yenye risasi nyingi kwenye kingo za baraza na malango, hadi kimo cha futi 4 kutoka sakafuni au ardhini, kiasi cha mita 1.2. Fikiri juu ya kipimo hicho. Ni kimo cha mkono wa mtoto. Mtunga sheria alilazimika kuinama na kuitazama nyumba kwa macho ya mdogo kuliko wote.

Mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo, ili kuwalinda mafundi. Marekani ilichelewa hadi mwaka 1978 kuipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Historia hii yatufunza kwamba kanuni ya usalama haizaliwi yenyewe. Huzaliwa pale mtu anapouliza swali, nao wengine wakakubali kusikiliza. Kwa hiyo, unaponunua rangi, soma maandishi ya kopo na umwulize muuzaji kama ina risasi. Ukiona rangi ya zamani inabambuka, usiruhusu ipigwe msasa ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake ndilo hatari. Lifute kwa kitambaa chenye maji, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta uliojengwa haumrudishii mtoto afya yake.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini sheria ya Queensland ilitaja kimo cha futi 4?
2. Je, wanunuzi wanaweza kuchukua nafasi ya sheria? Toa hoja mbili kutoka visa ulivyosoma.
3. Tunga sentensi mbili zinazobainisha maana mbili za neno risasi.